Uzi Usiovuka Sale

Mafuriko yalipopita, Ndeanasia Kimaro hakwenda kutazama nyumba zilizobomoka. Alishuka moja kwa moja mtoni. Nilimfuata na begi la vifaa mgongoni, nikianguka na kuinuka, yeye akitangulia kwa viatu vya mvua vilivyopasuka kisigino, bila hata kushika mti. Kuna watu wana elimu ya mito na kuna watu wana miguu ya milimani. Huyu mama alijaliwa vyote viwili, nami nilishaacha zamani kumwonea wivu.

Naitwa Nakiete. Ni Mpare wa tambarare, kazi yangu kusoma vipimo. Yeye ni Mchaga wa hapa hapa kwenye Mto Moruo, na kazi yake ni kushona kingo za mito. Nasema kushona, na maana yangu ni hiyo hiyo.

"Chomeka hapo," akaniambia.

Nikachomeka sikio, chuma chembamba kinachosikiliza ardhini, kwenye kipande cha ukingo kilichobaki. Mto ulikuwa umeumega ukingo ule vibaya. Migomba ilining'inia na mizizi yake hewani, na chini maji yalikuwa bado mekundu kwa udongo wa mashamba ya watu. Kwenye kishikwambi ikatokea picha ya uzi wetu: mstari wa kijani, kisha pengo jeusi, kisha kijani, kisha pengo tena, hivyo hivyo mpaka kwenye kona ya mto.

"Uzi haukukatika," nikasema. "Hapa kwenye mapengo haukuwahi kuwepo."

"Nimeona," akajibu, akachuchumaa kwenye tope na kutia mkono ndani ya jeraha la ukingo. Akatoa kiganja cha nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilizokuwa bado zinajikunja na kujikunjua. Akazirudisha taratibu na kuzifukia. Anazifanyia hivyo kila mara, na mimi kila mara namcheka, ila siku ile sikucheka.

Uzi ni nusu mmea na nusu kuvu. Ndeanasia alivilazimisha viwili hivyo kuishi nyumba moja, akatumia sehemu kubwa ya ujana wake kuvipatanisha. Ukiupanda ukingoni unakula utamu wa mizizi ya migomba, unatambaa, unajisuka ndani ya udongo. Maji yakisukuma, unakaza. Maji yakishuka, unalegea ili ukingo upumue. Tangu theluji ilipokwisha kileleni na mvua zikaanza kushuka kwa fujo, ni uzi huo ulioshikilia mlima huu usiteremke wote bwawani, kule tambarare. Zege lilijaribiwa kabla yake. Mto ulilizunguka zege, ukalikuta upande wa pili, ukaenda nalo.

Tatizo lilikuwa sale. Sale ni mmea wenye majani marefu ambao Wachaga huupanda mpakani, na juu ya kaburi. Ukishapandwa, mjadala umekwisha. Ndeanasia alipouleta uzi kwa mara ya kwanza, wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, walimuuliza swali moja tu: utavuka sale? Walikuwa na haki ya kuuliza. Nani anataka kitu kinachotambaa chini ya ardhi yake bila kupiga hodi? Basi akarudi maabara akaufundisha uzi kunusa utomvu wa sale na kusimama hapo hapo. Ukawa na adabu kuliko majirani wengi ninaowafahamu, na mlima mzima ukaufungulia mlango.

Lakini kitu chenye adabu watu hukitumia. Zamani masale yaliishia juu, kwenye migomba, na ukingo wa mto ulikuwa wa wote. Uzi ulipokuja na heshima yake, kila mwenye kihamba akataka ukingo wake mwenyewe na uzi wake mwenyewe. Baba akifa, wana wakagawana shamba kwa mistari inayoshuka, na kila mmoja akateremsha masale yake hadi majini. Mshono mmoja ukawa viraka. Mafuriko yalipokuja hayakuhangaika na uzi. Yaliingia kwenye mapengo.

"Wachaga bwana," nikasema. "Mngeweza kugawana hata mvua."

"Nyinyi Wapare mngempeleka mto mahakamani na kumkatia rufaa," akajibu bila kuinua kichwa. Utani huo ni wa siku zote baina yetu. Siku ile ulitoka mkavu.

* * *

Nilikuwa na sababu ya kuwa mkavu. Tope la Moruo lilikuwa limeteremka lote hadi bwawani kwetu, na mama yangu anaishi ukingoni mwa bwawa hilo. Samaki walielea matumbo juu. Maji yaliyotoka bombani yalikuwa mazito, watoto wakaanza kuharisha, na wauguzi wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Vipimo vyangu vilionyesha jambo baya zaidi: tope lilikuwa limepanda hadi kwenye mdomo wa bomba kuu la kuvuta maji. Mvua nyingine kama ile, kingo zikiwa wazi hivi, na bomba lingefukiwa. Tambarare haina bwawa jingine, na visima vyake vina chumvi.

Na mvua nyingine ilikuwa njiani. Mitambo ya hali ya hewa siku hizi haibahatishi. Ilisema wiki ijayo, Jumatano.

"Fungua kufuli," nikamwambia Ndeanasia tulipokaa kibandani kwake, chai ikipoa.

Alijua ninachosema. Kulikuwa na amri moja ya kuusahaulisha uzi harufu ya sale, nayo ilitii kidole chake tu. Akiitoa, nyuzi zingevuka mipaka yote kabla ya Jumatano na kushikana kutoka juu mpaka chini. Masale yangekauka, maana uzi ukilifikia sale hulinyonya, lakini yangekauka polepole, na watu wangesema ni ugonjwa.

"Hakuna atakayejua," nikasema.

"Mimi nitajua."

"Dada Ndea, watu watakunywa tope!"

"Nimekusikia, Nakiete. Mama yako namheshimu. Lakini watu hawa walinipa ardhi yao kwa neno moja. Nikilivunja kwa siri, kesho nitakwenda mto gani kuomba ruhusa? Na wewe utaniamini kwa lipi?"

Nikajaribu njia nyingine. Nimeishi na Wachaga muda wa kutosha kujua kwamba mtu akikukosea, akakuletea jani la sale kuomba radhi, huwezi kukataa. Hata kama alikuchomea nyumba, ukishalipokea umesamehe. Nikamwambia achume majani, apite kila kihamba, ampe kila mwenye mpaka jani lake. Wote wangelazimika kukubali na hakuna ambaye angesema amedanganywa. Nilijiona mjanja sana.

Hakukasirika. "Sale ni la kuomba radhi kwa kosa lililokwisha kutendeka," akasema. "Wewe unataka nilitumie kumfunga mtu mikono kabla sijamtendea. Huko si kuomba. Nitawaomba kwa mdomo mtupu, ili anayetaka kukataa akatae."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Nilikuwa na hasira naye, na hapo hapo nilijua sijawahi kufanya kazi na mtu wa namna ile, na labda sitafanya tena.

* * *

Jumapili, baada ya ibada, watu walikusanyika kwenye kiwanja cha usharika kwa mnada wa sadaka. Mikungu ya ndizi ilikuwa michache na mayai ndiyo kabisa, kwa sababu ya mafuriko, lakini mnada haukosekani. Ulipokwisha, mchungaji akampa Ndeanasia nafasi.

Hakuzunguka. Aliwaonyesha picha ya uzi wenye viraka, akawaeleza bwawa lilivyo, akawaomba wang'oe masale yote yaliyo ukingoni, kutoka migombani kuteremka, ili mshono uwe mmoja. Alisema pia kwamba uzi ukishapita hautatoka, na kwamba ukingo hautakuwa tena wa mtu mmoja mmoja.

Kisha akasimama Anaeli, mdogo wake Ndeanasia. Anaeli ni kitinda mimba, na kwa desturi yao kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kihamba chake ndicho kilicho kwenye kona ya mto. Ni mtu mpole, fundi seremala, si mtu wa kelele, na Ndeanasia ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Dada," akasema, "unaomba watu mipaka yao. Wewe wa kwako uko wapi?"

Wanawake kadhaa wakaguna. Lilikuwa neno chungu, kwa sababu lilikuwa kweli. Ndeanasia ni binti. Vihamba viligawanywa kwa wana wa kiume, na pamoja na sifa zake zote mlimani kote hakuwa na sale hata moja aliloweza kuliita lake.

"Sina," akasema. "Umesema kweli, Anaeli. Naomba nisichoweza kutoa." Akafikiri mbele ya watu wote bila aibu, kisha akaniambia nimpe kishikwambi. "Nina kitu kimoja tu. Ninayo amri ya kuuvusha uzi kwenye mipaka yenu bila kuwauliza. Ninayo tangu mwanzo, na sikuwaambia."

Kiwanja kikachemka. Mzee mmoja akapiga fimbo chini. Ndeanasia akangoja watulie, kisha akaigawa ile amri, pale pale, kila kihamba na kidole cha mwenyewe, akajifuta yeye kabisa. Niliona jina lake likitoweka kwenye kioo. Tangu dakika ile hakuwa na uwezo wa kusogeza uzi hata mahali pa kutosha kupanda mchicha, kwenye mto alioushona kwa mikono yake.

Maji ya mama yangu yalikuwa sasa mikononi mwa kila mkaidi wa bonde lile.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mama Kunda, mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Nilitaka kukutukana," akamwambia Ndeanasia, "lakini umenimaliza. Aika, asante, mwanangu. Kesho ya kwangu nayang'oa." Na kweli, asubuhi alikuwa mtoni na jembe, akiimba wimbo wa kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani. Wakaja majirani zake. Jumatatu na Jumanne mto mzima ulikuwa na watu wanaong'oa masale, wengine wakilia, maana walikuwa wakiikumbuka mikono iliyoyapanda. Kila mstari ulipong'olewa, mwenyewe aliweka kidole ili uzi usahau harufu iliyobaki udongoni, na mimi niliona kijani kikivuka kwa pupa na kushikana na kijani cha jirani. Nimesoma vipimo maisha yangu yote. Sijaona kizuri kama kile.

Likabaki pengo moja, kwenye kona.

* * *

Jumatano kilele kilifunikwa kabla ya saa sita mchana, wingu jeusi limekaa pale halina haraka. Anaeli akatuma ujumbe kwamba dada yake ashuke kihambani, na kwamba naweza kumsindikiza.

Tulimkuta amesimama penye kaburi la mama yao. Lilikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka majini, kwa kuwa kihamba kilishagawanywa mpaka pakakosekana pa kumlaza mtu penye nafasi. Sale lililopandwa juu yake lilikuwa limestawi sana, majani yanang'aa.

"Nimekaa nikifikiri," Anaeli akasema. "Najua mto unaweza kumchukua Mama. Naogopa hilo, na naogopa uzi wako. Niambie, zile nyuzi zitamgusa?"

Nikaomba kimoyomoyo aseme hapana. Uongo mdogo, wa huruma, nani angemlaumu?

"Zitampita katikati," Ndeanasia akasema. "Chini ya kona hii kuna mwamba na uzi hauwezi kuutoboa. Udongo laini uko hapa tu, alipolala. Zitamla, Anaeli. Zinakula kila kilichooza, hazichagui. Siku ukichimba, hutamkuta."

Anaeli akashika mdomo.

"Na kuna jambo la pili ambalo hulijui," dada yake akaendelea, na hapo nilitamani kumziba mdomo kwa mkono. "Mto hauwezi kumchukua Mama. Mwamba huo huo unamshikilia. Ukikataa, atabaki hivi alivyo, hatatikisika. Maji yatazunguka kona, yatakula ukingo wa chini wote, na tope litakwenda bwawani. Hasara haitakuwa yako. Itakuwa ya akina Nakiete."

Mvua ilikuwa imeanza huko juu. Tuliisikia kabla ya kuiona, na mto ukabadilisha sauti. Mimi nilisimama pale nikimchukia Ndeanasia kwa ukweli wake. Alikuwa amemkabidhi yule bwana sababu nzuri kuliko zote za kukataa, sababu ambayo yeye mwenyewe asingeigundua hata siku moja. Na pamoja na chuki ile, nilimheshimu kuliko mtu yeyote. Sijui kama mwili mmoja unaruhusiwa kubeba vitu viwili hivyo kwa pamoja.

Anaeli akanigeukia. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anaitwa nani?"

"Namkunda."

"Anakunywa ya bwawa?"

"Hana mengine, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepewa kipimo cha mlango. Akapiga magoti, akaongea na kaburi kwa Kichaga, maneno mengi, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemweleza mama yake kwamba anatoka kidogo. Nilichoelewa ni "Mae" tu, yaani mama. Kisha akalikumbatia lile sale kwa mikono yote miwili na kulivuta. Halikutoka. Akavuta tena, akagoma kusaidiwa, mpaka likatoka na udongo wake, naye akakaa chini nalo mapajani. Akanyoosha kidole bila kutazama. Nikamsogezea kishikwambi.

Uzi haukusita. Uliingia kutoka pande zote mbili, na kabla mafuriko hayajafika kwenye kona mstari ulikuwa mmoja, kijani kitupu kutoka msituni hadi tambarare.

Maji yalikuja yamebeba matawi na mawe. Tulipanda juu penye migomba tukatazama. Mto ulijitupa ukingoni, na ukingo ukakaza. Niliuona ukikaza kwa macho yangu, udongo wote ukijivuta ndani kidogo kwa mara moja, tokea kwa Mama Kunda hadi chini kabisa, kilometa kwa kilometa za ardhi zikishikana mikono. Mto ukapiga tena. Ukashindwa, ukateremka zake ukinguruma ndani ya kitanda chake. Huko juu watu walikuwa wakipiga vigelegele kwenye mvua, na mimi nilipiga pia, Mpare peke yangu, mpaka sauti ikakauka.

Jioni nikampigia mama. Akaniambia bwawa limejaa, maji yana uchafu kidogo tu wa majani, na kwa nini sijamtumia picha za mjukuu wake. Nikacheka, nikalia, nikamwambia nitamtumia.

Nikaenda kumtafuta Ndeanasia nimpe habari. Anaeli alikuwa amekwenda kulala. Yeye alikuwa amekaa peke yake kwenye udongo uliofukuliwa, pale sale lilipokuwa, mvua imemlowesha mpaka ndani.

"Bomba limepona," nikasema. "Dada Ndea, umeliokoa bwawa. Umeliokoa bila kumdanganya mtu hata mmoja. Sijui mtu mwingine ambaye angeweza."

Nikakaa karibu naye, nikaona kwamba maji yaliyokuwa usoni mwake hayakuwa ya mvua yote.

"Ulipomwambia habari za mwamba," nikamuuliza, "ulikuwa na hakika atakubali?"

"Ningemwambia hata hivyo. Ilikuwa haki yake kujua." Akapitisha kiganja juu ya udongo, taratibu, jinsi mtu anavyolainisha shuka kitandani. "Lakini nilitaka akatae, Nakiete, Mama abaki hapa. Mungu anisamehe. Tangu Jumapili nilikuwa naomba akatae."

Simu yangu ilikuwa bado mkononi, na mama yangu alikuwa bado anangoja zile picha. Nikaitia simu mfukoni, nikaweka kiganja changu kwenye udongo, kando ya chake.